Vibaba vitatu vilivyogeuka tarehe: ninavyofundisha takwimu kwa kompyuta hapa Wete

Chumba chetu cha kompyuta kina mashine kumi na mbili, nane ndizo zinazowaka. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 38. Natanguliza haya ili mwalimu mwenzangu uliyeko Micheweni au Makunduchi usije ukadhani naandika kutoka penye neema. Naandika kutoka Wete, kwenye chumba chenye feni moja, madirisha yamezibwa kwa kanga kuukuu ili mwanga usipige vioo, na umeme ambao tangu 2010 unatufikia Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, nao una siku zake za kununa.

Nimefundisha takwimu kwa chaki miaka mingi, na kwa kompyuta huu ni mwaka wa sita. Zamani nilikuwa namaliza mada watoto wakijua kukokotoa wastani. Siku hizi wanajua kuushuku. Nitaeleza njia niliyoipita, pamoja na mashimo niliyoangukia.

Siku ya kwanza kaeni nje

Usiwapeleke watoto kwenye kompyuta siku ya kwanza. Mtoto akikaa mbele ya mashine kabla hajaishika namba yenyewe, anachojifunza ni kubonyeza. Mimi huanza chini ya mwembe, na data huwa ni za kwao wenyewe. Msimu wa karafuu nawauliza: Jumamosi iliyopita ulichambua pishi ngapi (pishi ni kipimo chetu cha ujazo)? Kila mmoja anaandika namba yake kwenye kipande cha karatasi. Msimu ukiwa umekwisha nauliza dakika anazotembea mpaka skuli, au idadi ya ndugu zake. Za kitabuni, zile za alama za mtihani wa watu wasiojulikana, ziache kwa ajili ya mazoezi ya mwisho wa wiki.

Kisha nawapanga mstari, aliyechambua kidogo mkono wa kushoto, aliyechambua nyingi mkono wa kulia. Nawaambia watafute wa katikati. Kwa kuwa wako 38, wa katikati hayupo; wapo wawili, wa 19 na wa 20, na hapo huwa pana ugomvi mzuri sana wa nani asogee. Mwaka jana walibishana dakika nzima mpaka msichana mmoja akasema, "Mwalimu, si tugawe baina yao?" Sikuwa na la kuongeza.

Wastani nao tunautafuta kwa mkono siku hiyo hiyo, kwa karatasi na kalamu. Chumba cha mtihani hakina kompyuta, na mtoto asiyejua jibu linapaswa kuwa kama ngapi hatajua mashine ikimdanganya.

Wawili wawili, na anayejua asishike mausi

Siku ya pili nagawa darasa. Nusu, watoto 19, wanaingia chumbani: mashine tano wanakaa wawili wawili, mashine tatu watatu watatu. Nusu iliyobaki inaendelea na mazoezi mwembeni chini ya kiranja, kisha wanabadilishana. Nilijaribu kuwaingiza wote 38 kwa pamoja mara moja. Sirudii.

Kwenye kila mashine mmoja anasoma karatasi, mwenziwe anaandika. Sharti langu ni moja: anayejua kompyuta hashiki mausi. Yeye anaeleza kwa mdomo, asiyejua ndiye anayebonyeza. Ukiliacha hili, mtoto ambaye kaka yake ana duka la kuchapisha mjini atafanya kazi ya watu watatu, na hao wengine watakuwa watazamaji.

Programu tunayotumia ni LibreOffice Calc, ya majedwali ya hesabu. Haiuzwi, haidai intaneti, na mashine ya zamani inaihimili. Excel ni sawa pia, fomula nitakazozitaja zinafanya kazi kwenye zote mbili. Kompyuta zetu zilipoletwa zilikuja na programu moja ya kufundishia yenye picha nzuri mno, ila kila ukiifungua inataka kwanza kuzungumza na mtandao. Muhula mzima tuliipungia mkono. Kabla hujakubali msaada wowote wa programu, zima ruta, ifungue, uone kama itafunguka.

Watoto wanaandika namba zao kuanzia kisanduku A1 mpaka A38, kisha kwenye kisanduku kitupu cha pembeni wanaandika =AVERAGE(A1:A38), na chini yake =MEDIAN(A1:A38). Wanalinganisha na majibu ya mwembeni. Ikiwa hayalingani, hawaniiti mimi. Wanatafuta karatasi iliyoandikwa vibaya.

Vile vibaba vitatu

Hapa nikae kidogo, maana somo bora nililowahi kutoa sikulipanga.

Ilikuwa 2024. Kikundi kimoja kikaniita: "Mwalimu, kompyuta yetu inasema kila mtu amechambua pishi elfu." Nikaenda. Wastani uliokuwa kwenye kioo ulisomeka 1,197.46. Mwembeni tulikuwa tumepata 3.1. Namba ya kati, kisanduku cha chini yake, ilisema 3, shwari kabisa, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikawaambia watafute wenyewe. Walishuka na kisanduku kimoja kimoja mpaka mmoja akaona kisanduku kilichoandikwa tarehe 3 Aprili. Yule kijana alichambua robo tatu ya pishi, karatasi yake ilisema 3/4, na mwenziwe akaandika hivyo hivyo, 3/4. Kompyuta ikaona mkwaju katikati ya namba mbili ikadhani ni tarehe. Na tarehe, ndani ya mashine, ni hesabu ya siku tokea mwisho wa mwaka 1899. Siku hiyo ya Aprili ilikuwa ya 45,385. Kwa hiyo mtoto aliyechambua kidogo kuliko karibu wote akahesabiwa kuwa amechambua pishi elfu arubaini na tano na ushei. Kisiwa kizima kingetaka kumwoza.

Sikusahihisha. Niliwaita wote mbele ya ile mashine, nikauliza: mbona wastani umepagawa na namba ya kati imetulia? Wakaenda nje wakapanga tena mstari wa jana. Yule kijana akatoka upande wa kushoto kabisa akaenda kusimama kulia kabisa. Mstari wote ukasogea hatua moja, waliokuwa wa 20 na wa 21 wakawa ndio wa katikati, na wote wawili walikuwa na pishi 3. Jambo hilo nilikuwa nalieleza kwa chaki kila mwaka, na kila mwaka walikuwa wananitazama kama ninayesoma tangazo la msiba wa mtu wasiyemjua.

Tangu hapo kosa hilo nalitega kwa makusudi kwenye mashine moja, na siisemi ni ipi.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni ya kwetu: andika kwa vibaba. Pishi moja ni vibaba vinne, basi robo tatu ya pishi ni vibaba 3, pishi mbili na nusu ni vibaba 10, na mkwaju hauna pa kukaa. Kupima kwa kipimo kidogo kuliko vyote ulivyo navyo ni ada nzuri hata nje ya karafuu. Ya pili ni kuweka sharti kwenye safu: menyu ya Data ina mahali pa kuamuru kwamba kisanduku kipokee namba kati ya 0 na 60 tu. Ukiandika 3/4 hapo, kinaikataa.

Sufuria la kunde, na kile mkono usichokiweza

Mpaka hapa kompyuta haijafanya chochote ambacho mwembe haukuweza. Faida yake inakuja kwenye sampuli, yaani kuchota kidogo ili kukisia kilichomo kwenye jumla.

Chukua kunde nyekundu 200 na nyeupe 300, zichanganye kwenye sufuria. Wape watoto wazihesabu wenyewe, ni kazi ya dakika kumi na inawatuliza. Kila mmoja anafumba macho, anachota kunde 10, anahesabu nyekundu, anazirudisha. Ubaoni umeandika namba 0 mpaka 10, na kila aliyechota anaweka alama ya chaki juu ya namba yake. Mia mbili katika mia tano ni asilimia 40, kwa hiyo wengi watapata 3, 4 au 5. Lakini mara nyingi yuko mtoto anayepata 7, na wenziwe humwambia amechungulia.

Basi muulize darasa: amechungulia, au yawezekana? Kwa mkono tungechota mpaka magharibi ndiyo tujue. Hapa ndipo tunaingia ndani.

Kwenye kisanduku A1 andikeni =BINOM.INV(10,0.4,RAND()). Maana yake ni hii: chota 10 kwenye sufuria ambalo nyekundu ni 0.4, unipe idadi ya nyekundu. Mashine nyingine, kutegemea mipangilio ya nchi, zinataka nukta mkato badala ya mkato baina ya namba. Ukiona ujumbe wa kosa, jaribu hivyo kwanza kabla ya kumlaumu mtoto. Nakili kisanduku hicho mpaka A1000. Kwenye safu ya C andikeni 0 mpaka 10 kuanzia C1, na kwenye D1 wekeni =COUNTIF(A$1:A$1000,C1), muishushe mpaka D11. Alama ya $ ndiyo inayozuia anwani isishuke pamoja na fomula. Waache kwanza waikose waone, ndipo uieleze. Mwisho chora chati ya nguzo kwa safu hizo mbili.

Sasa wabonyeze F9. Kila wakibonyeza, mashine inachota upya mara elfu moja na nguzo zinapanda na kushuka. Wanafunzi wangu wanasema chati inapumua. Waachie dakika tano wabonyeze tu, usiseme neno. Watagundua wenyewe kwamba nguzo zinatikisika lakini umbo halibadiliki.

Kisha rudi kwa yule mtuhumiwa. Wajumlishe waliopata 7 na zaidi. Watakuta kama mara 55 katika 1,000, mara nyingine 48, mara nyingine 61. Yaani katika darasa la watoto 38, mmoja au wawili kupata 7 au zaidi si ajabu hata kidogo. Ameachiwa huru. Wakati huo mimi bado sijatamka maneno yale makubwa ya vyuoni kuhusu kupima dhana, na sitamki. Fikra yenyewe wameshaipata.

Bado moja kwenye sufuria. Safu ya F ijazeni =BINOM.INV(10,0.4,RAND())/10, na safu ya G =BINOM.INV(40,0.4,RAND())/40, kila moja mpaka mstari wa 1000. Kwa STDEV tafuteni mkengeuko sanifu wa kila safu, yaani kipimo cha namba zinavyoyumba kuuzunguka wastani. Ya kwanza itacheza karibu na 0.155, ya pili karibu na 0.077. Uliza: tumechota mara nne zaidi, mbona kuyumba kumepungua nusu tu? Usijibu siku hiyo. Mwanafunzi mmoja alikuja kwangu asubuhi ya pili akaniambia nne ni mbili mara mbili, akaondoka mbio kama aliyeiba.

Tahadhari moja kwa mashine kongwe: RAND inahesabu upya kila unapoandika kitu popote kwenye faili. Safu tatu za mistari elfu zinavumilika. Ukizidisha, zima hesabu ya moja kwa moja kwenye mipangilio, utegemee F9 peke yake.

Namba za kwetu

Wakishazoea fomula nawapa sensa, kwa kuwa wao wenyewe wamo. Mwaka 2012 Kaskazini Pemba ilikuwa na watu 211,732 na Kusini Pemba 195,116. Mwaka 2022 Kaskazini ikafika 272,091, Kusini 271,350. Zanzibar nzima ilitoka 1,303,569 ikawa 1,889,773. Wanaandika =(C2-B2)/B2, wanaishusha, wanaona Kaskazini imeongezeka asilimia 28.5, Kusini 39.1, Zanzibar nzima 45.0. Fomula inamalizika upesi. Kazi ni maswali. Mbona Pemba nzima iko chini ya Zanzibar? Kila mtoto ana mjomba aliyehamia Unguja, basi mjadala haukosi wachangiaji.

Chati za duara zenye kuinuliwa kama keki nimezipiga marufuku. Zinapendeza na zinasema uongo: kipande kilicho mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma hata vikiwa sawa.

Na kabla hawajaanza kuniletea wastani wa kila kitu, nawaonesha data nne alizozitunga mtakwimu Francis Anscombe mwaka 1973. Kila moja ina nukta 11. Wastani wa x ni 9 kwa zote nne, wastani wa y ni 7.5, kipimo cha uhusiano wa x na y ni 0.816, na mstari unaopita katikati ni y = 3 + 0.5x. Wape vikundi vinne, kila kimoja data yake, wakokotoe, watangaze majibu. Wataridhika kwamba wamepewa kitu kimoja. Ndipo uwaambie wachore. Moja ni wingu la kawaida, moja ni mpinde, moja ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne imesimama wima kama mnazi, na nukta moja imekaa mbali peke yake. Ukiwa na GeoGebra, programu ya kuchorea hesabu, ambayo nayo hufanya kazi bila mtandao ikishawekwa, watoto wanaweza kuishika ile nukta iliyoasi wakaivuta kwa mausi na kuona mstari mzima ukiifuata.

Vya kuendelea navyo nyumbani na baada ya skuli

Kwa masomo ya kujisomea tunatumia Kolibri, programu yenye video na mazoezi ya kutumia bila intaneti. Unaijaza mara moja mahali penye intaneti, unaiweka kwenye mashine moja, na ruta ya kawaida isiyo na bando inazigawia nyingine zote, hata simu. Video zinasaidia, ila usitarajie mtoto atazame zaidi ya mbili bila kufanya kitu kwa mkono.

Kama skuli au chuo chako kina Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo kwa kompyuta, jambo moja linalostahili usumbufu wake ni maswali ya kukokotoa: unaandika swali moja, mfumo unampa kila mwanafunzi namba zake. Kunakili jibu la jirani kunakuwa hakuna faida, na wanalazimika kunakiliana njia, jambo ambalo mimi nalitaka.

WhatsApp ninaitumia kwa kitu kimoja tu: picha ya chati yenye kosa, kila Alkhamisi usiku, na aliyegundua kwanza anaeleza kwa sauti.

Wachache wanaokwenda chuo kikuu nawaonjesha R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka 29 Februari 2000. Ni ya bure. Watoto wanaiogopa kwa kuwa haina vibonyezo, basi mimi huanza na kile kisa wanachokijua:

pishi <- c(3, 2.5, 4, 0.75, 6, 3, 1)
mean(pishi)
median(pishi)
pishi[4] <- 45385
mean(pishi)
median(pishi)

Wastani unaruka kutoka 2.892857 kwenda 6486.357. Namba ya kati ni 3 kabla, na 3 baada. Wanapenda kwamba mashine inakubali neno pishi. Halafu wanaandika hist(rbinom(1000, 10, 0.4)) na kuona kazi yote ya sufuria imeingia kwenye mstari mmoja. Zile data za Anscombe pia zimo ndani ya R tayari. Andika anscombe tu zitatoka.

Mambo ya chumbani

Hifadhini faili kila baada ya dakika kumi, Ctrl na S, mimi hupiga kofi na wote wanabonyeza. Umeme ukikatika hatusubiri. Karatasi zipo, mwembe upo. Mashine zifunikwe zikizimwa, maana hewa ya bahari inakula vyuma. Nakala ya kila faili iwe kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwalimu mwengine.

Na kunde zihesabuni upya kila muhula. Mwaka huu niliziacha nyumbani likizo nzima ndani ya kopo. Tuliporudi, darasa jipya likachota, watoto 38, kunde 10 kila mmoja. Tulitarajia nyekundu 152 kwa jumla, zikatoka 125. Nikawaambia ni bahati tu, sampuli huyumba. Wakanikatalia. Wakaingia ndani wakaandika =BINOM.INV(380,0.4,RAND()) mistari elfu moja, wakahesabu ni mara ngapi inatoka 125 au pungufu. Mara 3. Mmoja akasema, kwa adabu zote, "Mwalimu, kunde zako si zile."

Tukazimwaga mezani tukazihesabu. Nyekundu 148, nyeupe 297. Jioni nikamuuliza mama mkwe wangu kama kuna aliyeligusa lile kopo.

"Mwanangu," akaniambia, "si nilikupetea? Zile nyekundu zilikuwa zimejaa fukusi."